Nyumba Ielayo Juu ya Lualaba

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wanunuao gari kuukuu la mizigo, wakatia ndani kitanda, jiko na pipa la maji, wakalifanya nyumba ya safari. Mtu wa Kindu akisikia habari hiyo hutabasamu, kwa maana barabara za Maniema wakati wa masika hulimeza gari pamoja na magurudumu yake. Lakini jambo lenyewe si geni kwake. Barabara kuu ya huku ni mto Lualaba, na nyumba ya safari ni mashua kubwa ya mbao, ile waiitayo Wafaransa baleinière.

Mji wa Kindu umekaa ng'ambo mbili za mto: Kasuku na Mikelenge upande wa magharibi, Alunguli upande wa mashariki. Reli itokayo Kongolo, yapata kilometa 355, ilijengwa ili kuyakwepa maporomoko yazuiayo vyombo. Kutoka Kindu hata Ubundu mto unapitika tena, yapata kilometa 300. Huko Ubundu maporomoko mengine hufunga njia, ndiyo sababu ikajengwa reli ya kilometa 125 kwenda Kisangani, ikamalizika mwaka 1906. Safari ya mashua huchukua siku kadhaa. Basi watu hupika, hulala, hata huogesha watoto wao chomboni.

Tuseme kijana amepata mashua kuukuu, naye hajapata kuitengeneza hata moja. Aanze wapi? Wengi huanza na paa, kwa kuwa paa laonekana na watu. Hilo ni kosa. Na aanze chini. Achomoe kila ubao uliooza, kisha atie kalafati, yaani ashindilie nyuzi au vitambaa katika maungio ya mbao, apake lami juu yake. Kisha aiache mashua majini siku mbili tatu, tupu, aone maji yaingia wapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katikati ya mto hakuna mahali pa kujenga ukuta.

Baada ya hayo apange nyumba yake. Magunia ya mchele na madumu ya mafuta ya mawese yakae chini kabisa, katikati, yasiegemee upande mmoja. Vitanda vya mbao viwe juu ya maji ya ngamani, navyo visiwe virefu kwenda juu, maana chombo chenye uzito juu hupinduka upesi. Paa liwe jepesi, la turubai juu ya fito, na pande zake ziweze kufunguliwa ili hewa ipite. Chandarua kisisahauliwe, wala chombo cha kukumbia maji.

Mbabula ya makaa iwekwe juu ya sanduku la mchanga, mbali na mafuta ya mashine. Usiku wa mvua mtu hutamani kuiingiza ndani ya turubai lililofungwa apate joto. Asithubutu! Hewa ya makaa haina harufu ya kumwonya mtu, nayo huua waliolala. Maji ya kunywa yachemshwe kwanza, yatiwe katika chombo chenye kifuniko.

Sasa limebaki jambo dogo kwa kazi, lakini kubwa kuliko yote. Katika Novemba 1876 Stanley aliishusha Lualabani mashua yake Lady Alice, iliyochukuliwa vipande vipande mabegani kutoka pwani. Mwaka ule ule, huko Uingereza, bunge lilitunga sheria ya kuwalazimisha wenye meli kuchora alama ubavuni, kuonyesha mwisho wa shehena. Aliyeipigania sana sheria hiyo ni Samuel Plimsoll, kwa kuwa mabaharia wengi walikuwa wakizama katika meli zilizojazwa kupita kiasi.

Mwenye mashua wetu naye achukue rangi nyeupe, achore mstari ubavuni wakati hakuna abiria wala mfanya biashara wa kumshawishi. Maana siku ya kuondoka atakuja mtu na magunia kumi zaidi, na fedha mkononi, na mama mwenye watoto atamwomba nafasi kwa machozi. Hapo moyo wa mtu ni dhaifu, bali mstari haubembelezwi. Katika mito ya Kongo wengi wamekufa kwa sababu mbili zijulikanazo na wote: shehena kupita kiasi na safari za usiku. Kwa hiyo jua likishuka, mashua ifungwe ukingoni.

Baba mwenye jamaa, ufikapo pwani ya mto Kindu, usitazame kwanza paa wala rangi za mashua. Tazama mstari. Kama umezama majini, au kama haupo, shika watoto wako mkono, mngoje mashua nyingine.