Ndiyo ya Watu Wawili

Jumapili moja ya mwaka jana, baada ya Misa ya kwanza, Padri paroko aliniita sakristia. Akaniambia, "Baba, tunatafuta mtu wa kuongoza kazi ya familia katika parokia yetu: kuwaandaa wachumba, kuwatembelea wagonjwa, kusimamia shamba la wajane. Tumekufikiria wewe." Nikajibu papo hapo, "Ndiyo, Padri." Nikarudi nyumbani nikifurahi kama mtu aliyepandishwa cheo kazini.

Mke wangu alikuwa akisonga bukari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaifunika sufuria, kisha akaniuliza, "Hiyo ndiyo uliyoitoa ni ya nani? Yangu bado sijaisikia."

Neno hilo nililifahamu. Mama yangu mzazi alikuwa akilisema, naye alilipokea kwa mama mwingine, katika nyumba za wafanyakazi za hapa Likasi. Vijana wetu wengi hawajui tena lilikotoka. Basi nitaeleza.

Mji wetu uliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Ni mji wa shaba, na moshi wa viwanda vya Shituru ndio uliotulea. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, hapo mwanzo iliwachukua wanaume peke yao kwa mkataba wa muda mfupi. Wengi waliugua na kufa, na wengine walitoroka. Katika miaka ya 1920 ikabadili shauri lake, ikawahimiza wafanyakazi waje na wake zao, wakae kambini na kulea watoto. Wengi walitoka mbali, hasa Kasai. Kampuni ilitafuta faida yake, wala haikuwaza Injili. Hata hivyo, ndivyo ilivyotokea kwamba mtu wa Kasai na mtu wa Katanga walikaa ukuta kwa ukuta, na wake zao wakateka maji kwenye bomba moja.

Katika kambi za namna hiyo, huko Kolwezi, karibu na mwaka 1953, Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alianza kuketi pamoja na wafanyakazi na wake zao. Alikwisha kujulikana kwa kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya mawazo ya Wabantu. Lakini sasa aliweka kando ualimu wake, akawauliza wale watu: Moyo wa mtu unatamani nini? Wakapata mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Hivyo ikazaliwa Jamaa. Mume hakuingia bila mkewe, wala mke bila mumewe. Walifundishwa kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, na iliwapasa kuelezana nyumbani yale yaliyomo moyoni, jambo ambalo kwa wanaume wengi lilikuwa gumu kuliko kuchimba shaba. Walipokomaa, nao "walizaa" nyumba nyingine kwa roho, wakaitwa baba na mama. Padri Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, akafa huko mwaka 1977, lakini Jamaa ilikuwa imekwisha kuenea Katanga na Kasai. Sitaficha kwamba walikuwapo waliopotoka na kujitungia mafundisho ya siri, na maaskofu iliwabidi kuwakataza. Mimi nasema juu ya wale niliowaona kwa macho yangu.

Baba yangu alikuwa mtu wa Wasanga, wa upande wa Kambove. Waliomzaa yeye na mama katika Jamaa walikuwa mume na mke wa Kasai, majirani zetu. Sisi watoto tuliwaita babu na nyanya, na kwa muda mrefu sikujua kwamba hatukuwa wa damu moja nao.

Mwaka 1992 nilikuwa na miaka 18. Mwezi wa Agosti, Mkutano Mkuu wa Taifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguza Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Wakubwa wa jimbo letu walikuwa wakihubiri kwamba Katanga ni ya Wakatanga tu. Vijana, na baadhi yao nilisoma nao, wakaanza kuwafukuza watu wa Kasai nyumbani mwao. Maelfu kwa maelfu walikimbilia stesheni ya Likasi, wakalala chini wakingoja gari la moshi la kuwapeleka katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Babu na nyanya walikuwa kati yao.

Baba hakwenda kuwaona. Alisema, "Nina watoto. Wakituona tukipeleka chakula, wataichoma nyumba hii." Wala hakusema uongo. Jioni ya kwanza mama alipika bukari na sombe, akatenga sahani mbili, akaziweka mezani mbele ya baba, akazifunika. Usiku ukapita, chakula kikapoa. Jioni ya pili akafanya vilevile. Nilimwambia, "Mama, twende sisi wawili, mimi na wewe." Akanijibu, "Hawakunizaa peke yangu. Nikifika bila baba yako, nitakuwa nimewapelekea habari ya kwamba tumevunjika."

Jioni ya tatu baba alizitazama zile sahani kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akaingia jikoni, akaichukua sufuria nzima na kujitwika kichwani, yeye mwanamume, mzee wa kambi, akatoka nayo mlangoni. Mama akamfuata. Mimi nikabeba maji.

Sina maneno ya kuieleza stesheni ile. Watu walilala mpaka kando ya reli, watoto wakikohoa, na moshi wa meko ukitanda kila mahali. Tulipowapata, baba alitaka kuomba msamaha, lakini sauti haikutoka. Nyanya alimtazama yeye, akamtazama mama, akauliza neno moja tu: "Mmekuja wawili?" Mama akaitika, "Wawili." Ndipo nyanya akawaamsha wajukuu wale.

Toka siku hiyo walikwenda kila jioni. Nyumba nyingine za Jamaa zikajiunga nao, wake kwa waume, wakapika uji kwa ajili ya watoto wa watu wasiowajua. Babu na nyanya waliondoka mwanzoni mwa mwaka 1993. Nyumba yetu haikuchomwa, ila kwa miaka kadhaa wako jirani ambao hawakumsalimu baba.

Baadaye mishahara ya kampuni ilipokuwa haiji tena, nyumba zile zile nane zilizopika uji zililima shamba moja la mahindi na mihogo. Sharti lilikuwa mume na mke waje pamoja, na sanduku la fedha za mbegu litunzwe na wanawake. Baadhi ya wanaume walinung'unika. Shamba hilo ndilo leo linaloitwa la wajane, kwa kuwa wanaume walitangulia kufa.

Siku hizi nisomapo Matendo ya Mitume sura ya 18, nawaona Akwila na Priska kwa namna nyingine. Tumezoea kuwasifu kwa ukarimu wao kwa Mtakatifu Paulo, tukisahau kwamba wenyewe walikuwa wamefukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio, kwa sababu ya kabila lao. Walifika Korinto kama wakimbizi, wakashona mahema. Na mara nyingi Maandiko yamtaja mke kwanza.

Basi nilimwuliza mke wangu kama angekubali. Akafikiri siku tatu, nami sikumharakisha. Mwishoni alisema atakubali ikiwa nyumba ya kwanza tutakayoitembelea itakuwa ile ya mtaa wa nyuma, ya familia iliyotoka Kasai mwaka juzi, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa sijawapa hata salamu. Ni kweli, nilikuwa sijawapa.

Jumatano tukaenda kwa Padri. Ofisini mwake palikuwa na kiti kimoja tu cha mgeni. Akatutazama sisi wawili, akasita kidogo, kisha akatoka kwenda kutafuta cha pili.