Sekunde 45 kwenye barabara ya Morogoro

Basi lilipoipita Mbezi Mwisho abiria wengi walishaanza kusinzia. Binti wa darasa la saba aliyekaa dirishani alikuwa na daftari la Hisabati mapajani na swali lililomshinda tangu jana.

Gari lilisafiri kilomita 190 kwa saa 3. Mwanzoni lilikwenda kilomita 40 kwa saa, kisha kilomita 80 kwa saa. Lilikwenda polepole kwa muda gani?

Binti alikuwa amejumlisha 40 na 80, akagawa kwa 2, akapata 60. Mara 3 ni 180. Hazikufika 190.

"Usichokijua kipe jina," mama yake alimwambia. "Muda wa polepole uite x. Uliobaki ni saa ngapi?"

"Tatu kutoa x."

Umbali ni kasi mara muda, kwa hiyo binti aliandika: 40x + 80(3 − x) = 190. Alipofungua mabano alipata 240 − 40x = 190. Hivyo 40x ni 50, na x ni 1.25, yaani saa moja na robo. Kilomita 50 za polepole, 140 za mwendo.

Nje ya dirisha, swali lilikuwa likitembea. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni takriban kilomita hizohizo 190, na kuanzia mjini hadi Kibaha na Mlandizi basi lilitambaa kwa foleni na matuta.

Baada ya Ruvu njia ikafunguka. Abiria mmoja alipaza sauti, "Dereva, kanyaga mafuta!" Basi likaanza kuvuma. Binti akachukua simu ya mama, akahesabu muda kati ya jiwe moja la kilomita na jingine. Sekunde 36. Saa moja ina sekunde 3,600. Gawa kwa 36, ni kilomita 100 kwa saa. Sheria inayataka mabasi yasizidi 80.

"Tutawahi kwa kiasi gani, mama?"

Kilomita 140 kwa kasi ya 80 ni saa 1 na dakika 45. Kwa kasi ya 100 ni saa 1 na dakika 24.

"Dakika 21 tu?"

Dakika hizo 21 zina bei yake. Kasi ikipanda kutoka 80 hadi 100, umbali ambao gari hutumia kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka kwa zaidi ya nusu.

Mama alimwita kondakta. "Kaka, mwambie dereva apunguze. Tuna watoto humu." Mzee wa kiti cha nyuma akadakia, "Kweli kabisa." Kondakta akaenda mbele.

Jiwe lililofuata lilikuja baada ya sekunde 45. Hiyo ndiyo 80.

Mzazi, ikumbuke namba hiyo utakaposafiri na watoto. Ikipungua, sema. Binti huyo aliiandika pembeni mwa daftari, na milima ya Uluguru ilipoanza kuonekana alikuwa amelala.