Sina Kadi, Nina Kura

Nimekuwa karani wa kituo cha kupigia kura hapa Pemba katika chaguzi kadhaa, na sina kadi ya chama chochote. Watu huniuliza, "Maalim, wewe hasa wa wapi?" Kijiji changu wanakijua, wanachotaka ni chama. Asiye na chama huku hudhaniwa kuna analolificha.

Siwalaumu. Vyama kisiwani hapa vimelipiwa kwa damu. Januari 27, 2001 waandamanaji walipigwa risasi wakafa, na wengi wakakimbilia Shimoni, Kenya. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa na kurudiwa Machi 20, 2016, majirani walisusiana madukani, harusini, hata mazikoni. Aliyepitia hayo, chama kwake ni kama ukoo.

Lakini kituoni naona na mengine. Mpiga kura wa Zanzibar hupewa karatasi tano: Rais wa Zanzibar, Mwakilishi, Diwani, Rais wa Muungano na Mbunge. Usiku wa kuhesabu, kila karatasi huinuliwa mawakala waione. Kura za urais zikisha, wakala huwa keshaijua idadi ya watu wake. Zikija za udiwani, hesabu hukataa. Wapo waliomtazama mtu na kazi yake, wakaiacha nembo. Hao hawana wakala pale benchini.

Wanaruhusiwa kuchagua, ila mwenzao hawezi kugombea mpaka adhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala hili mahakamani tangu miaka ya 1990. Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilimpa haki: katazo hilo linavunja haki za raia. Mtikila alifariki 2015. Uchaguzi wa 2025 nao umepita bila mgombea binafsi.

Wanaohofia kwamba bila vyama patakuwa na vurugu, nawakumbusha Julai 31, 2010. Siku ile tulipiga kura ya maoni; karatasi haikuwa na mgombea, ilikuwa Ndiyo au Hapana. Asilimia 66.4 waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa, na uchaguzi uliofuata mwaka huohuo ukapita kwa amani.

Uamuzi wa Arusha utekelezwe. Wenye vyama wabaki na vyama vyao, na sisi tusio navyo tupate wa kumpigia kura.