Harufu Iliyotangulia
Makaa ya mawe hayangoji kiberiti. Yakiachwa chini yamevunjikavunjika, hewa huyapasha joto polepole, na joto lisipopata pa kutokea huwa moto. Kila nikiwaza hayo huukumbuka mgodi wa Moura nambari 2, Queensland, Australia. Mwaka 1994 wachimbaji walisikia harufu kama ya lami katika sehemu iliyokwisha kuchimbwa. Tarehe 7 Agosti sehemu ile ikazibwa. Nyuma ya kuta gesi ya methani ikajikusanya. Usiku uleule watu 21 waliteremka kazini. Mgodi ukalipuka: 10 walitoka, 11 hawakutoka. Kinachoniuma, ndugu msomaji, ni ile harufu. Pua zilikwisha kusema, tena mapema. Baada ya siku 2 ukalipuka tena, ukafungwa, na maiti wao wamo humo hadi leo.