Kibanio cha Ulimini

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo nimekabidhiwa upande wa kichwa. Dokta anakata tumboni, mimi nakaa huku na mashine. Mgonjwa ni mbwa jike wa kienyeji, kilo 14, anafungwa kizazi. Kila dakika 5 najaza karatasi: mapigo, oksijeni, pumzi, presha, joto. Saa 4:40 oksijeni ikaporomoka: 97, 91, 84. Nikaita kwa sauti ambayo hadi sasa inanitia haya. Dokta hakuinua hata kichwa.
“Ulimi una rangi gani?”
“Waridi.”
“Basi hamisha kibanio, mwanangu.”
Nikaulowesha ulimi kwa pamba, nikabana upande wa pili. 98. Kumbe kibanio kikikaa sana mahali pamoja kinaiminya damu, na ulimi ukikauka hakisomi vizuri.

Alhamisi, 6 Machi
Usiku, nasoma. Kibanio hupenyeza mwanga wa aina mbili, mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kisha hufuata kile kinachodunda tu. Takuo Aoyagi wa Japani, aliyeling'amua hilo miaka ya 1970, alikuwa anatafuta kitu kingine. Mdundo wa mshipa ulikuwa ukimharibia vipimo. Nimempenda. La kukumbuka: shuleni 90 ni alama ya kutambia nyumbani. Hapa ni ukingo wa genge.

Ijumaa, 14 Machi
Hili naliandika kwa shingo upande. Dume, mguu umevunjika. Kwanza oksijeni tupu kwa barakoa, halafu propofoli, mpira ukaingia kooni. Nikatangaza: “Oksijeni 99, dokta, yuko vizuri.” Mwenzangu alikuwa anautazama mfuko wa kupumulia. Haunywei, haujai. Mbwa hapumui.
“Anakula akiba huyo,” akasema, akaubana mfuko.
Mapafu yaliyojaa oksijeni tupu huendelea kuilisha damu dakika kadhaa, kwa hiyo 99 yangu ingebaki 99 mpaka akiba ikatike. Mstari wa kabonidioksaidi ulikuwa umeshasema, umelala chali chini ya skrini, nami macho yangu yako kwenye ile namba kubwa. Mbwa akipumua mstari hupanda, hutambaa juu, hushuka. Kileleni tunataka milimita 35 hadi 45 za zebaki. Mpira ukipotea njia ukaingia kwenye umio, vilima hivyo huvioni. Nikabana mfuko, nikahesabu, nikabana tena. Pumzi yake mwenyewe ya kwanza ilisoma 52. Sijawahi kuifurahia namba mbaya kiasi kile.

Jumanne, 18 Machi
Saa 5 kasoro umeme ukakatika. Betri ya mashine ilikufa siku nyingi, sote tunajua, na hakuna aliyenunua nyingine. Gesi na mtungi wa oksijeni havina habari na umeme, kwa hiyo dokta aliendelea kushona kwa tochi ya simu. Mimi kidole kwenye mshipa wa paja la mbwa, kwa ndani. Jicho limegeukia chini, taya limelegea: usingizi unatosha. Mapigo nikahesabu 88. Presha nikaacha wazi. Kwenye safu ya oksijeni nikaandika “ulimi waridi”. Jenereta lilipowaka, skrini ikasema mapigo 91.
Joto lilikuwa limeshuka hadi 36.4. Tukamzungushia chupa za maji ya moto zilizofungwa taulo, juu yake kanga. Kanga yenyewe yangu, na manyoya hayatoki.