Kafi, Kusi na Subira: Kutoka Msangamkuu hadi Ruvula

Anayevuka kwa kivuko kutoka Mtwara mjini kwenda Msangamkuu huyaona maji yametulia, akadhani ndivyo bahari yote ilivyo. Nasi tulidhani hivyo. Vijana wa msikiti wetu walipoahidiana na wenzao wa Msimbati kushindana kwa mitumbwi hadi rasi ya Ruvula, kwa kafi pasi na tanga, kamati iliridhia haraka. Nia ilikuwa njema: michango itakayopatikana iezeke paa la madrasa.

Njia hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Humo mna visiwa vya Namponda na Membelwa, matumbawe na mikoko. Na kusini zaidi Mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, humwaga maji yake baharini. Ni bahari ya riziki, lakini haina mzaha.

Tulichagua Julai. Mzee mmoja, nahodha wa miaka mingi, alitunasihi: “Wanangu, kusi linatoka huko huko mnakokwenda. Ngojeni maleleji.” Tulimshukuru kwa adabu, lakini hatukumsikia, kwa kuwa kadi za mwaliko zilikwisha kugawiwa.

Kabla ya adhuhuri mawimbi yalikuwa yakiingia mitumbwini kwa wingi kuliko makopo yalivyoweza kuyakumba. Karibu na Namponda mtumbwi mmoja ulipinduka. Vijana wawili waliung’ang’ania hadi mashua ya wavuvi ilipowafikia. Mmoja wao hakuwa na jaketi okozi. Jioni ile mama yake alikuja msikitini. Hakupaza sauti. Aliuliza tu: “Ustadhi, paa hilo mlilipima kwa roho ya mwanangu?” Hatukuwa na jibu. Sote tuliijua hadithi ya Mtume (SAW) juu ya kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Allah. Tulikuwa tumeisomesha, hatukuifuata.

Wapo waliotaka jambo lile lifutwe kabisa. Vijana wenyewe waliomba warudie, na mzee nahodha akawaunga mkono kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayetaja siku. Alisema kurudi nyuma mbele ya bahari si aibu. Pwani yetu inashuhudia hayo. Mwaka 1866 msafiri David Livingstone alifika kwa meli kwenye mlango wa Ruvuma, mikoko ikamzuia kushusha wanyama wake. Akageuka, akashukia Mikindani, na safari yake ya bara ikaanzia hapo. Huko Hawaii nako, tangu 1997, watu hushindana kwa mbao za kafi kutoka Molokai hadi Oahu, takriban kilomita 51 za bahari kuu, na kila mshindani sharti awe na mashua ya kumsindikiza.

Tukangoja hadi Novemba. Kila kijana alipata jaketi, na mashua mbili zikasindikiza. Mama yule alikuja mwenyewe kukaza kamba za jaketi la mwanawe, kisha akamruhusu. Waliondoka baada ya sala ya alfajiri.

Mitihani haikukoma. Kafi la kijana yule lilivunjika, akaazimwa jingine na mtumbwi wa wapinzani. Kisha maji yakatoka, mtumbwi wao ukakwama kwenye fungu la mchanga, wakashuka na kuusukuma huku maji yakiwafika magotini. Wenzao walikwisha kufika zamani walipotokeza, wa mwisho, adhana ya adhuhuri ikiadhiniwa. Wenyeji walikuwa hawajapakua chakula. Walisema wageni bado hawajatimia.

Paa la madrasa limekwisha kuezekwa, alhamdulillah. Lakini enyi wazazi wenzetu, tulichojifunza kimepita mabati. Tulidhani subira ni kusonga mbele tu. Kumbe ilikuwamo pia katika ile miezi minne ya kungoja upepo, na katika kuukubali ushauri tulioupuuza mwanzo.