Rottweil, Mji Uliompa Mbwa Jina Lake

Rottweil ni mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani, katika jimbo la Baden-Württemberg, uliojengwa juu ya kilima kinachotazama bonde la mto Neckar. Wenyeji hujivunia kwamba ndio mji mkongwe kuliko yote katika jimbo lao. Warumi walipiga kambi hapo mwaka 73 baada ya Kristo, wakati ambapo huenda baadhi ya watu waliowajua mitume walikuwa wangali hai. Barabara kuu inateremka katikati ya nyumba ndefu zilizopakwa rangi mbalimbali, na madirisha yake yamejitokeza nje kama vibaraza vilivyofungwa. Upande wa juu limesimama Lango Jeusi, mnara wa ngome ya mji uliojengwa karne ya 13. Nje ya mji unaonekana mnara mwingine mwembamba, wenye urefu wa meta 246, uliofunguliwa kwa wageni mwaka 2017. Huo ni wa kufanyia majaribio ya lifti.

Watalii wengi huja kuona minara hiyo. Sisi shughuli yetu ilikuwa ya mbwa.

Tulikuwa akina mama wanne, wageni wa Wakristo wa Königsfeld, kijiji cha Wamoravian kilichoanzishwa mwaka 1806 katika Msitu Mweusi, si mbali na Rottweil. Wasomaji wetu wa Mbeya na Rungwe hawahitaji kuelezwa undugu huo, kwani wamisionari wa Moravian kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891. Katika maongezi ya jioni, mmoja wetu alitoa swali lililokuwa likimsumbua. Wezi walikuwa wameingia nyumbani kwake mara mbili, mume akiwa safarini kikazi, yeye na watoto wamejifungia chumbani. Bwana aliamua wafuge mbwa mkubwa, na jirani mmoja alikuwa na watoto wa mbwa aina ya Rottweiler wa kuuza. Lakini nyumbani kuna mtoto wa miaka miwili, na mwenzetu alisita. Mama mwenyeji wetu, ambaye aliwahi kufanya kazi Tanzania na anasema Kiswahili vizuri, alicheka akasema, "Mbwa huyo ni wa huku. Twendeni tukawaulize wenyewe."

MBWA WA WAUZA NYAMA

Mbele ya makumbusho ya mji ipo sanamu ya mbwa huyo, kifua kipana na kichwa kizito. Inasimuliwa kwamba majeshi ya Kirumi yalivuka milima ya Alps na mbwa wa kuswaga ng'ombe waliokuwa chakula cha askari, na mbwa hao wakazaana na mbwa wa wenyeji. Baadaye Rottweil ukawa soko kubwa la ng'ombe. Wauza nyama walihitaji mbwa wa kuswaga ng'ombe hadi machinjioni, wa kuvuta mkokoteni wa nyama, na wa kulinda fedha za mauzo. Wazee husimulia kwamba mwuza nyama akirudi kutoka mnadani alifunga mfuko wa fedha shingoni mwa mbwa wake, naye akalala usingizi bila wasiwasi.

Reli ilipokuja katika karne ya 19, ng'ombe wakaanza kusafirishwa kwa treni na kazi ya mbwa ikapungua. Na mbwa nao wakapungua, karibu kutoweka. Kazi ya ulinzi ndiyo iliyowarudishia heshima. Mwaka 1910 Rottweiler alitambuliwa rasmi kuwa mbwa wa polisi, na mwaka 1921 ukaundwa muungano wa wafugaji wake ambao mpaka leo unasimamia uzazi wa mbwa hao nchini Ujerumani.

Historia hiyo ina maana kwa mama wa nyumba. Mbwa huyu alichaguliwa, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu ya nguvu ya kumsukuma ng'ombe na moyo wa kutokubali mgeni aguse mali. Tabia hizo haziondoki kwa kuwa sasa anaishi uani kwetu. Akicheza anaweza kumsukuma mtoto kwa kifua akaanguka chini, wala hakukusudia ubaya. Dume hufikia kilo 50 na jike kilo 42. Ni uzito wa mtu.

MASWALI YA MZEE

Mfugaji tuliyepelekwa kwake ni mzee mwenye umri wa babu zetu. Tulidhani angeanza kuwasifu mbwa wake kama mfanyabiashara. Badala yake alituketisha jikoni, akatupa kahawa, akamgeukia mwenzetu. Mama mwenyeji alitafsiri.

"Mama, mchana nani anakuwa nyumbani?"

"Msichana anayenisaidia kazi, na mtoto."

"Huyo msichana anapenda mbwa?"

"Anawaogopa sana, baba."

"Na bwana wako?"

"Husafiri. Hurudi mwisho wa mwezi."

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mbwa huyo atakuwa wa nani?"

Mwenzetu hakuwa na jibu, na sisi wengine tuliinamisha vichwa juu ya vikombe vyetu. Mzee hakumcheka. Alieleza kwamba mbwa wa mwuza nyama alishinda na bwana wake kutwa nzima, ndiyo sababu alijua cha kulinda. Mbwa anayefungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku hawajui watu wake vizuri. Anaweza kumrukia mwizi, na anaweza vilevile kumrukia mtoto wa shangazi aliyekuja likizo.

Kisha alitutoa nje tukawaona watoto wa mbwa pamoja na mama yao. Alituonya tusinunue mtoto wa mbwa bila kumwona mama yake, kwani mama mwoga au mkorofi huwaachia wanawe tabia hiyo. Mtoto asitengwe na mama kabla ya wiki nane. Kutoka hapo mpaka karibu wiki ya 14 ndipo akili yake inapojifunza nini ni cha kawaida, hivyo azoeshwe mapema watoto, wageni, baiskeli na kelele za mtaani. Mbwa wazazi hupigwa picha ya eksirei kuangalia nyonga, kwa sababu aina hii husumbuliwa na ugonjwa wa nyonga, na chama huwapima tabia kabla ya kuruhusu wazae. Mikia ya mbwa wake ilikuwa mirefu. Tulizoea kuona Rottweiler wa mkia mfupi, kumbe hukatwa, na sheria ya Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo mwaka 1998.

Alitueleza pia kwamba si kila jimbo la nchi yake linamwamini mbwa huyu. Katika jimbo la jirani la Bavaria, anayemfuga hutakiwa kuwa na kibali, au cheti cha mtaalamu kinachoonyesha kwamba mbwa wake si hatari. Hapo tulifikiri juu ya mageti ya kwetu yenye maandishi ya "Mbwa mkali". Sisi huyaandika kama sifa.

TUKIRUDI KWETU

Njiani kurudi Königsfeld tulihesabu gharama, kama akina mama wanavyofanya. Mbwa mwenye kilo 45 hashibi makombo, na ugali mtupu haumtoshi. Anahitaji nyama au dagaa kila siku. Makombo yenyewe yana hatari zake: vitunguu humdhuru mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kumchoma tumboni. Manyoya yake ni meusi, na katika joto la Pwani hana budi kuwa na kivuli na maji safi wakati wote. Anahitaji dawa ya minyoo na kupe, na chanjo ya paravo, ugonjwa wa kuhara damu unaowaua watoto wa Rottweiler kwa urahisi.

Zaidi ya yote kuna kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Mbwa achanjwe akifikisha miezi mitatu, na chanjo irudiwe kama daktari wa mifugo anavyoelekeza. Mtoto akiumwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Tusisahau majirani. Wengi wetu tunaishi na ndugu Waislamu, ambao mate ya mbwa huwatia najisi. Kumfunga mbwa kabla mgeni hajapiga hodi ni sehemu ya upendo wa jirani.

Mwenzetu alizungumza na mumewe kwa simu usiku ule, wakaongea kwa muda mrefu. Walikubaliana kwamba fedha za mbwa zianze na mlango wa chuma na taa ya nje, na kwamba mbwa wao wa kienyeji, ambaye hubweka hata panya akipita, achanjwe na kulishwa vizuri zaidi. Kazi ya kuamsha nyumba na mtaa anaiweza. Habari ya Rottweiler wataifikiria tena mtoto akianza shule na baba akipata kituo cha karibu. Wakati huo watatafuta jike, na watamlea pamoja. Mwenzetu mwingine, ambaye anashinda nyumbani na ana watoto wakubwa wanaopenda mbwa, alitoka Rottweil akiwa na hamu ya kumfuga.

Kwa hiyo hatuwaambii wasomaji wetu wafuge au wasifuge. Kitabu cha Ayubu, sura ya 30, kinataja mbwa wa kundi lake, nasi twaona kwamba mbwa wa kazi ni rafiki wa zamani wa binadamu. Zaburi ya 127 nayo inatukumbusha mlinzi wa kweli ni nani. Kabla ya kulipa fedha, keti na mume wako na watoto, mjibu lile swali la mzee: mbwa huyu atakuwa wa nani? Kama nyumba nzima haina jibu moja, subirini.